Kufundisha kuogelea na fizikia pamoja: nianze na nini bwawani?

Mwalimu wa Fizikia, Kisauni

Assalam aleikum walimu wenzangu, wakufunzi na wazazi.

Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari ya kutwa huku Kisauni, na ninaomba ushauri kuhusu jambo ambalo limenikaa moyoni kwa zaidi ya mwaka mzima. Katika likizo moja, mwanafunzi wetu wa kidato cha kwanza alikwenda kuoga baharini na wenzake, maji yakamzidi, asirudi. Shule ilipofunguliwa nililikuta daftari lake katika rundo la madaftari ambayo sikuwahi kuyarudisha, na ndani yake alikuwa ameeleza barabara, kwa mchoro wa kopo lenye matundu matatu, kwa nini maji ya tundu la chini hutoka kwa nguvu kuliko ya tundu la juu. Alipata alama zote. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza nilimfundisha maji gani, ikiwa aliyajua ya kopo na hakuyajua yaliyo mwendo wa dakika kumi kutoka mlangoni kwao.

Watu wengi, hasa wa bara, huamini kwamba mtoto aliyezaliwa Mombasa anaogelea kama anavyotembea. Niliwauliza wanafunzi wangu wa sasa wa kidato cha tatu, ambao ni 43, ni nani anayeweza kuelea mahali ambapo miguu haigusi chini. Walioinua mikono walikuwa 11, na kati yao msichana alikuwa mmoja tu. Waliobaki huingia maji ya magoti pale ufuo wa Pirates siku ya Idi, wakarudi nyumbani.

Hoteli moja ya Bamburi imekubali kutuachia bwawa lake kila Jumatano asubuhi katika miezi ya masika, wageni wanapokuwa wachache. Upande mmoja wa bwawa una kina cha mita 0.9 na upande wa pili mita 1.8. Nikitoa muda wa safari na wa kubadilisha nguo, ninabakiwa na saa moja hivi. Silabasi ya 8-4-4, mfumo wa elimu wa Kenya unaoondolewa hatua kwa hatua, imeyatawanya mambo ya maji: shinikizo liko kidato cha kwanza, nguvu inayogeuza iko kidato cha pili, kanuni za Newton na kupinda kwa mwanga viko kidato cha tatu, na kuelea na kuzama kunasubiri kidato cha nne, wakati mwanafunzi amekwisha kuoga baharini miaka mingi. Ningependa kuyakusanya yote mahali pamoja, majini.

Nilikuwa nimepanga kuanza na mashindano ya kuzuia pumzi chini ya maji, wapimane kwa saa na kuchora grafu, kisha tuingie katika kanuni ya Archimedes. Hata hivyo, mwalimu mkuu anahofia kwamba somo la namna hii litakuwa nusu ya fizikia na nusu ya kuogelea, na mtoto atatoka bila lolote lililo kamili. Je, lipi litangulie? Na wanafunzi 43 nitawagawaje?

Mkufunzi wa Kuogelea, Nyali

Mwalimu, pole sana kwa msiba huo, Mungu amrehemu kijana wenu.

Kabla ya yote, nakuomba uyafute mashindano ya kuzuia pumzi. Mtoto anayetaka kushinda huhema kwa nguvu mara nyingi kabla ya kuzamisha kichwa, akidhani kwamba anajiwekea akiba ya oksijeni. Kwa kweli anachofanya ni kuitoa kaboni dioksidi, na gesi hiyo ndiyo inayouambia mwili kwamba umefika wakati wa kuvuta pumzi. Ikipungua, hamu ya kupumua huchelewa, oksijeni ya ubongo huisha kimyakimya, na mtoto huzirai chini ya maji bila kupapatika. Wenzake walio ukingoni humwona ametulia, wakaendelea kumhesabia sekunde. Hata waogeleaji hodari hufa kwa njia hii, tena katika mabwawa mafupi yenye walinzi.

Kuhusu lipi litangulie, mimi ningeanza na kuogelea, ila sina maana ya mitindo. Mtoto ajifunze kwanza kutia uso majini na kutoa pumzi polepole kwa pua, kisha kuelea kifudifudi na chali, kisha kusimama kutoka katika hali ya kuelea. Hili la mwisho walimu wengi hulisahau. Nimewaona watu wazima wakihangaika katika maji ya kiuno kwa sababu walikuwa wamelala juu ya maji na hawakujua namna ya kurudisha miguu chini: huinua kichwa kwanza, miguu inakataa kushuka, wanakunywa maji. Anayejua hukunja magoti hadi kifuani, husukuma viganja chini, kisha kichwa huja chenyewe. Hiyo nguvu inayogeuza unayoifundisha kwa rula na mawe ubaoni iko pale, na mwanafunzi akishaihisi kiunoni mwake hutamwambia mara mbili.

Kwa idadi yako, mimi sikubali zaidi ya wanafunzi wanane majini kwa mkufunzi mmoja, na juu ya hao ninataka mtu mzima mwingine ambaye kazi yake ni kutazama tu, hafundishi, hashiki simu, hapigi picha. Walio nje ya maji wasikae bure. Wape utepe wa kupimia na saa, wapime umbali ambao mwenzao anateleza baada ya kuusukuma ukuta wa bwawa kwa miguu, mara ya kwanza mikono ikiwa imenyooshwa mbele na masikio yakiwa katikati yake, mara ya pili mikono ikiwa imetandazwa. Tofauti yake huonekana kwa macho kabla hata utepe haujanyooshwa. Ukuta ukisukumwa, nao unasukuma: hiyo ni kanuni ya tatu ya Newton, na ukinzani wa maji, ambao huongezeka takriban kwa mraba wa kasi, ndio unaomrudisha nyuma aliyetandaza mikono.

Mwalimu mstaafu, Mji wa Kale

Nimeyasoma maneno ya Mkufunzi na ninakubaliana naye. Hata hivyo, Mwalimu, usiiache fizikia iwe pambo la kuogelea, kwa maana hesabu yenyewe inaokoa maisha ikifanywa mpaka mwisho. Acha nikuonyeshe ninayoipenda kuliko zote.

Mchukue msichana wa kilo 50. Akijaza mapafu, mwili wake una ujazo wa lita 51.5 hivi. Lita moja ya maji matamu ina kilo moja, kwa hiyo akizama mzima katika bwawa anasukuma kando kilo 51.5 za maji, na maji yanamwinua kwa kiasi hicho hicho, kama alivyotambua Archimedes kule Syracuse zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Ziada ni kilo 1.5. Maana yake ni kwamba lita moja na nusu tu ya mwili wake inaweza kubaki juu ya maji bila yeye kufanya kazi yoyote. Lita moja na nusu ni uso, si kichwa, kwa kuwa kichwa kizima kina kilo nne au zaidi. Ndiyo sababu tunamwambia alale chali, aegemeze kisogo majini, atazame mbinguni: uso ndicho kipande cha mwili anachoweza kukimudu.

Sasa mwambie atoe pumzi nyingi, lita tatu. Ujazo umeshuka hadi lita 48.5, ilhali uzito haukubadilika. Anazama. Kwa hiyo mtu anayepiga mayowe anaitoa ile hewa iliyokuwa inamshikilia.

Na mikono je? Mkono mmoja ni kama asilimia tano ya uzito wa mwili, yaani kilo 2.5. Akiinua yote miwili juu kuomba msaada, ametoa majini kilo tano ambazo maji hayazibebi tena, naye alikuwa na ziada ya kilo moja na nusu tu. Hesabu haimruhusu kubaki juu. Mwanafunzi afanye hesabu hii darasani Jumanne, kisha Jumatano alale chali katika maji ya kifua, Mkufunzi akiwa amemwekea kiganja chini ya mgongo, anyanyue mkono mmoja polepole, aone uso wake unavyofunikwa. Nilipokuwa nikifundisha sikupata kuiona njia nyingine iliyowafanya wanafunzi wanyamaze kwa muda mrefu namna hiyo.

Mtakumbuka kwamba sisi tuna bahari, ambayo lita yake ina kilo 1.025 hivi. Msichana wetu akiwa na mapafu yaliyojaa anapata huko ziada ya kilo 2.8 badala ya 1.5. Chumvi inamsaidia, lakini pumzi inamsaidia zaidi, kwa sababu chumvi imeongeza kilo moja na kitu na pumzi inabeba tatu. Vijana waliojifunza katika maji ya chumvi ya Tudor hushangaa wanapoingia bwawani au mtoni, huona miguu inazama na kudhani wamesahau. Hawakusahau kitu. Wamebadilishiwa maji.

Jambo la pili ni mwanga. Mtu anayesimama ukingoni na kutazama chini moja kwa moja huona kina cha maji kuwa robo tatu ya kina chenyewe, na akitazama kwa mshazari huona kifupi zaidi. Mahali penye mita 1.6 panaonekana kama pana mita 1.2. Mtoto mwenye kimo cha mita 1.4 anaangalia, anahesabu moyoni kwamba maji yatamfika shingoni, anaruka, na maji yanampita utosini. Hoteli yako ina ukingo ulionyooka, basi wafanye wanafunzi wakadirie kina cha kila hatua kwa macho na kukiandika, kisha washushe kamba yenye jiwe na kuipima. Wakiona makadirio yao yote yamekosea kwa upande mmoja, kidato cha tatu kimekwisha fundishika.

Nilikuwa darasani mwaka ule wa 1994, tarehe 29 Aprili, kivuko cha Mtongwe kilipopinduka kikiwa kimejaza abiria kupita kiasi, wakafa watu 272. Ufuo ulikuwa unaonekana. Baada ya hapo niliacha kufundisha kitovu cha uzito kwa chupa na koni za mbao pekee. Nikawa ninaeleza kwamba chombo kilichojaa watu waliosimama kina kitovu cha uzito kilicho juu, na watu wakikimbilia upande mmoja kitovu hicho huhama pamoja nao. Nilijuta kwamba maelezo hayo yalichelewa.

Mzazi, Majengo

Nashukuru kwa maelezo yenu, walimu wetu. Mimi nina mabinti wawili sekondari, na nitasema wazi kwamba sikuwaruhusu kuogelea, si kwa kuwa nachukia elimu, bali kwa sababu kila nilipouliza mpango wa mavazi na wa nani atakayekuwepo nilijibiwa kwamba nina mawazo ya kizamani. Mwalimu akitaka wasichana zaidi ya mmoja wainue mikono, aweke siku ya wasichana peke yao, awatafutie mkufunzi mwanamke, na akubali mavazi ya kujisitiri. Kule Nungwi, Unguja, wasichana wamefunzwa kuogelea wakiwa wamejifunika mwili mzima, nao wakafunza wenzao, kwa hiyo jambo hili linawezekana katika pwani hii hii na dini hii hii.

Ningependa pia kuelewa kifizikia: je, ni kweli kwamba nguo zikilowa zinamvuta mtu chini?

Mwalimu mstaafu, Mji wa Kale

Dada yangu, swali lako ni zuri na linastahili kuwa zoezi la somo. Maji yaliyoingia katika nguo hayamwongezei mtu uzito akiwa ndani ya maji, kwa kuwa maji ndani ya maji hayana uzito wa ziada. Kinachomchosha ni ukinzani: kitambaa kipana kinakokota maji mengi kila anapotupa mkono. Na akitaka kupanda ukingoni, yale maji yaliyo kwenye nguo yanakuwa mzigo kamili mara tu yanapotoka juu. Kwa hiyo vazi liwe refu, lakini libane mikononi na miguuni, na kitambaa kisiwe cha pamba nene. Tena, wanaozama wengi huwa wamevaa nguo zao za kila siku, kwa hiyo si vibaya mwanafunzi aliyekwisha kujua kuelea ajaribu siku moja akiwa na sare ya shule.

Baharia wa zamani, Likoni

Mimi sikusoma fizikia, nilisoma bahari kwa jahazi na kwa mashua. Mnaongea mambo mazuri ya bwawa, lakini bwawa limelala na bahari haijalala. Mtoto akishajua kuelea bwawani atajiona amefuzu, na hapo ndipo ninapoingiwa na hofu.

Maji yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kupwa ni saa sita na dakika kidogo. Hayaendi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanaondoka polepole, saa ya tatu na ya nne ndizo yanapokimbia, kisha yanapungua tena. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya juu na chini hupita mita tatu, na maji yote ya mkono wa Tudor lazima yatoke kupitia mlango ule mwembamba unaopita Ngome ya Yesu. Siku za maji mafu, tofauti hiyo inapokuwa ndogo, mtoto anaweza kuoga pale na kurudi. Baada ya juma moja, saa ile ile na mahali pale pale, atachukuliwa. Naye atasema alikuwa anapajua.

Kule Nyali na Bamburi kuna mwamba, na maji yanayoingia juu ya mwamba hurudi baharini kupitia milango yake. Mkondo wa namna hiyo haumzamishi mtu, unamchukua tu. Kinachomzamisha ni kupigana nao ana kwa ana mpaka mikono inakufa. Afunzwe kuelea, apumue, akate ubavuni sambamba na ufuo mpaka atoke katika mkondo, ndipo aelekee nchi kavu. Mwalimu anaweza kulitia hilo katika hesabu zake.

Mwalimu wa Fizikia, Kisauni

Ahsanteni nyote. Mashindano ya pumzi nimeyafuta, na ninamshukuru Mkufunzi kwa kunizuia kabla sijafanya kosa ambalo nisingeweza kulirekebisha.

Mzee wangu wa Likoni, nimelitia tayari. Mwanafunzi wangu anayeogelea nusu mita kwa sekunde, akiwekwa katika mkondo wa mita moja kwa sekunde na kuelekezwa ufuoni, baada ya dakika moja atakuwa amepelekwa mita 30 nyuma huku akiwa amechoka. Akikata ubavuni kwa mwendo wake ule ule, katika dakika hiyo amesogea mita 30 kuelekea ukingo wa mkondo. Nimeuchora ubaoni leo kwa mishale, na mmoja wa wale 11 akasema ndivyo ilivyompata mwaka jana na hakumwambia mtu.

Mwalimu mkuu amesoma mjadala huu. Ameturuhusu kuwa na Jumatano mbili kwa mwezi za wasichana, na mwalimu wetu wa michezo, ambaye ni mwanamke, atakwenda kwanza kwa Mkufunzi kujifunza. Wiki mbili za mwanzo tutafanya maji ya mita 0.9 tu: pumzi, kuelea, kusimama. Hesabu ya kilo 50 itafanywa darasani siku moja kabla, kila mmoja kwa uzito wake mwenyewe, na karatasi haitasomwa mbele ya wengine kwa sababu wapo wanaoona haya.

Limebaki swali moja kwa Mkufunzi. Wale 11 wanaojua kuelea, niwaweke kundi lao au niwatawanye wawasaidie wenzao?

Mkufunzi wa Kuogelea, Nyali

Waweke kundi lao, Mwalimu, na siku ya kwanza kabisa uwafunze kutoingia majini. Anayejua kidogo ndiye anayeruka kumfuata rafiki yake, rafiki akamkumbatia shingo, tukawapoteza wote wawili. Wafunze kutupa. Chukua dumu la lita kumi lenye kifuniko kinachobana, utie maji kiasi cha vikombe viwili ili lipate uzito wa kuruka, ufunge kwenye mpini wake kamba ya mita 15. Dumu hilo litabeba karibu kilo tisa, na Mwalimu mstaafu ameshatuonyesha kwamba anayezama anahitaji kilo chache tu ili kichwa chake kibaki juu. Walitupe lipite bega la anayezama, kisha walivute polepole mpaka kamba imguse. Nyumba ngapi za Kisauni hazina dumu? Kila mmoja aje na la kwao Jumatano.